Sahani za Mardhiya

Kilichomchosha Adelina katika udiwani hakikuwa mikutano, wala baridi ya kugonga milango ya watu mwezi wa Februari, wala wale waliomfungulia na kumuuliza kama amekuja kufanya usafi. Hayo aliyategemea. Kilichomchosha ni chai.

Mtaa wake, huko mashariki ya London upande wa Ilford, ulikuwa umejaa watu wa kwao. Wengine walikuja kutoka Kenya mwaka wa sitini na nane, kama yeye, mbiombio kabla mlango haujafungwa. Wengine walifukuzwa Uganda miaka minne baadaye, wakateremka uwanja wa ndege na sanduku mojamoja. Na katikati yao walikuwapo Wazanzibari, ambao hawakupenda kuulizwa walifikaje. Wahindi, Wagoa, Waarabu, kila mmoja na dini yake na lugha ya mama yake, lakini wakikutana dukani wanasemezana Kiswahili, na nyumbani kwao wote mgeni haingii akatoka kavu. Sasa nenda ukawaeleze watu hao kwamba kuna kanuni mpya za mwenendo wa madiwani, na kanuni zinasema ukarimu wa kila namna upokewe kwa tahadhari!

Adelina alijaribu mara moja. Alikwenda kwa mzee mmoja wa Kisumu aliyelalamika kwamba paa lake linavuja, na chai ilipoletwa akasema asante, hanywi. Mzee akamtazama mkewe, mkewe akaitazama trei, kisha mzee akasema kwamba paa lenyewe halivuji sana. Hakulitaja tena. Tangu siku hiyo Adelina akawa anakunywa, nyumba hadi nyumba, mpaka tumbo linamlia kama mtungi, na kila Jumatatu anapitia ofisi ya karani wa baraza kwenda kuitangaza chai aliyokunywa.

"Chai tena?" akauliza Margaret, mwanamke wa makamo aliyekabidhiwa daftari la zawadi na ukarimu, kazi ambayo kabla ya Adelina kuchaguliwa ilikuwa haimpi shida hata kidogo.

"Chai na bhajia. Na kwa yule wa barabara ya kanisani, chai na chevda."

"Chevda ni nini?"

"Kama njugu. Andika njugu."

Margaret akaweka kalamu chini. "Diwani, daftari hili liliwekwa kwa ajili ya saa za dhahabu. Safari za Ufaransa. Mambo kama hayo."

"Limeandikwa zawadi na ukarimu. Sikuona palipoandikwa saa ya dhahabu."

"Hakuna diwani mwingine aliyewahi kuandikisha kitu humu."

"Hayo ni yao na roho zao."

Na kweli yalikuwa yao. Krismasi iliyopita, kontrakta aliyekuwa akijenga nyumba za baraza alimpelekea kila diwani kasha la wiski na kadi yenye picha ya ndege mwekundu. Madiwani wakashukuru, wakanywa, yakaisha. Adelina alilibeba la kwake mapajani ndani ya basi, abiria wakimtazama, akalirudisha mpaka mezani kwa mwenyewe. Wenzake walimcheka wiki nzima kantini. Wakamwita Mtakatifu Adelina, na yeye akajifanya haoni.

Lakini tusimpambe kupita kiasi, naye alikuwa na lake. Alipenda kuwa safi, na alipenda zaidi usafi wake uonekane. Katika baraza zima yeye ndiye diwani pekee aliyetoka Afrika, Mgoa wa Mombasa, karani wa zamani wa bandari, mwenye miwani na mkoba wa ngozi. Alijua kwamba siku akiteleza hawatasema Adelina ameteleza. Watasema "hao." Hofu hiyo alikuwa ameibeba muda mrefu mpaka imegeuka kuwa majivuno, na mwenyewe hakujua ni wakati gani ilipogeuka.

Mardhiya alikaa nyumba ya pili kutoka kwake. Alikuwa mjane wa Kizanzibari mwenye mabinti wawili, mfupi, mchangamfu, mwenye ulimi usiolala. Mumewe alifariki baridi ya pili tangu wafike London, na yeye akaingia kiwanda cha makoti ya mvua kushona, mpaka vidole vikavimba viungo na kukataa kukunjika. Daktari alimwambia aache cherehani. Hakumwambia atakula nini. Basi Mardhiya akakodi duka la pembeni lililokuwa la fundi viatu, akaweka jiko nyuma, akaanza kupika. Chapati, sambusa, mandazi, na Ijumaa pilau. Makondakta wa mabasi waliotoka zamu, wauguzi, vijana waliopanga chumba kimoja watu wanne na kula vyakula vya kopo, wote wakawa wanapiga foleni kwake. Mwaka haukwisha akawa amelipa madeni ya mazishi, na watoto wake wakawa na viatu vya msimu wa baridi.

Halafu jirani mmoja akalalamika kwa baraza kuhusu harufu ya vitunguu. Baraza likachungulia makaratasi yake, likaona kwamba nyumba ile imeruhusiwa viatu, haikuruhusiwa vitunguu. Mardhiya akaambiwa aombe kibali cha kubadilisha matumizi ya duka, na kamati ya mipango ingekaa mwezi wa Novemba kuamua. Akinyimwa, jiko linafungwa mwisho wa wiki hiyohiyo. Na Adelina alikuwa mjumbe wa kamati ya mipango.

Hapo ndipo habari ya sahani inapoingia. Ramadhani ya kwanza Mardhiya alipohamia mtaani, jioni ile ile ya kwanza, alibisha kwa Adelina na sahani ya kaimati iliyofunikwa kitambaa. Hakujua Adelina ni nani wala anasali wapi. Aliona tu mwanamke mwenye sura ya pwani akianika nguo. Adelina, Mkatoliki aliyezaliwa Mombasa, hakuhitaji kufundishwa lililobaki. Sahani ya jirani hairudishwi tupu. Ukirudisha tupu ni kama kusema yaishe baina yetu, na hata watu wasiosalimiana kwa ugomvi hutia japo ndimu mbili. Basi aliiosha, akaijaza vitamutamu vya nazi, akairudisha. Baada ya siku chache ikaja nyingine.

Ikawa hivyo miaka. Futari ikija, keki ya Krismasi inakwenda. Visheti vikija, dodoli, ile halua ya nazi ya Kigoa, inakwenda. Na kwa kuwa nyumbani kwa Adelina nyama ya nguruwe ilipikwa kila Jumapili, alikwenda sokoni akanunua sufuria nyingine, kisu kingine na ubao mwingine, akavitundika msumari wa peke yake karibu na dirisha. Mumewe alipata kuchukua sufuria ile siku moja achemshie soseji, Adelina akampigia kelele ambazo Mardhiya alizisikia kwake, akacheka mpaka akakaa chini.

Kanuni mpya zilipokuja, Adelina alizitazama sahani hizo kwa jicho la diwani na moyo haukumshtuka hata kidogo. Alichopokea amerudisha. Hana deni. Jumatatu iliyofuata alimwendea Margaret, akamtajia sahani za mwaka mzima.

"Na hizi nyingine?" Margaret akauliza, maana Adelina alikuwa akitaja mbili mbili.

"Hizo ni nilizorudisha mimi."

"Tunaandika ulichopokea tu. Ulichotoa hakituhusu."

"Kinatuhusu sana. Mtu akisoma kwamba nimekula kwake mara zote hizo, atafikiri nini? Andika na nilichorudisha. Nataka ionekane wazi kwamba sidaiwi."

Margaret alimtazama kidogo, akataka kusema kitu, akaacha. Ilikuwa karibu na saa ya kufunga. Aliandika vyote, upande huu visheti, upande huu dodoli, na Adelina akatoka mle ofisini kifua mbele.

Wiki ya kamati Mardhiya alikuja jikoni kwa Adelina, akavuta kiti mwenyewe.

"Shoga, kura yako ninayo?"

"Wewe! Usiniulize hivyo. Si ruhusa."

"Si ruhusa ya nani? Nimekuuliza, sikukuhonga."

"Diwani haahidi kura. Nitasikiliza hoja za pande zote, kisha nitapiga kwa haki."

"Na haki yenyewe si ni mimi?" Mardhiya akacheka, lakini mikono yake alikuwa ameifumbata kwa nguvu juu ya meza, na vile vidole vilivyovimba havikufumbatana vizuri. "Adelina, mimi sichezi. Kiwandani hawanitaki tena, na wakinitaka siwezi. Nikifungiwa pale sina pa kushika."

"Najua."

"Ukijua, basi." Akainuka, akaondoka bila kungoja chai.

Siku ya pili akaja Harish. Huyu alikuwa mfamasia, mtu wa Kampala, ndiye aliyemshawishi Adelina kugombea, na ndiye aliyejua hesabu ya kila kura kabla haijapigwa. Wanne, alisema, wapo upande wa Mardhiya. Wanne wapo na Diwani Harrison, ambaye hataki jiko lolote barabara ile. Adelina ndiye wa tisa. Asipopiga, kura zinafungana, na zikifungana mwenyekiti ndiye anayeamua, na mwenyekiti yule huamua mambo yabaki yalivyokuwa.

"Kwa hiyo dada, tafadhali sana," Harish akasema, viganja vimekutana. "Siku hiyo wewe nyoosha mkono tu. Usihutubie. Mambo ya interest sijui nini, gifts sijui nini, wewe kaa kimya. Nobody is asking."

"Wakiuliza nitajibu. Sina la kuficha, Harish."

"Mimi sikusema ufiche! Nimesema usianze wewe!"

Adelina alikasirika. Alimwona Harish kama wale wa wiski, mtu wa kupindisha. Harish naye aliondoka akiongea peke yake kwa Kigujarati, na aliyoyasema afadhali Adelina hakuyaelewa.

Kamati ilikaa ukumbi wa juu, wenye mbao nyeusi ukutani na taa zisizotosha. Wananchi walipewa mabenchi ya nyuma. Mardhiya alikuwa amekaa mwisho kabisa, koti juu ya buibui, na Harish kando yake. Mardhiya alikuwa na Kiingereza cha kiwandani, kichache lakini chenye kusikia kila kitu.

Ajenda ilipofika duka la fundi viatu, Diwani Harrison akaomba kusema. Huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mrefu, mpole wa sauti, mtu ambaye hata akikunyonga angekuuliza kwanza kama kola inakubana. Hakuwa mbaya. Aliamini kabisa alichokuwa akikifanya, na watu wa namna hiyo ndio wanaochosha kuliko wabaya.

"Mwenyekiti," alisema, "naona katika daftari la zawadi kwamba mjumbe mwenzetu amekuwa akipokea chakula kutoka kwa mwombaji. Mara nyingi. Sisemi kuna ubaya. Nauliza tu."

Adelina alikuwa ameingojea nafasi hii kama mtoto anavyoingojea Sikukuu. Harish aliufunika uso kwa mkono, lakini Adelina hakumwona. Alisimama, akaweka miwani sawa.

"Nashukuru Diwani Harrison ameuliza. Kwanza, kila sahani ameiona daftarini kwa sababu niliiandikisha mwenyewe. Pili, angesoma upande wa pili wa ukurasa. Sijala chakula cha mwanamke huyu bure hata siku moja. Sahani yake haijapata kurudi tupu! Miaka yote hii, hata siku niliyokuwa na homa, nilimtuma mume wangu na machungwa."

Mtu akacheka taratibu. Adelina akaona hawajaelewa, akazidisha.

"Nyumbani kwangu tunapika nguruwe. Yeye ni Mwislamu. Kwa hiyo nina sufuria yake. Nina kisu chake na ubao wake. Havijagusa kitu kingine. Hicho ndicho kiwango cha uangalifu wangu, Mwenyekiti. Kila nilichopewa nimekilipa, na nimekilipa kisafi. Kama kuna diwani humu anayeweza kusema hivyo, asimame."

Hakusimama mtu. Kadiri alivyokuwa akisema, ukumbi ulikuwa ukinyamaza, na yeye alidhani kimya kile ni cha heshima. Aliketi. Kijana mwanasheria wa baraza, mwenye suti ya kahawia, alikuwa ameinama sikioni kwa mwenyekiti. Margaret, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za mkutano, alikuwa ameacha kuandika.

"Diwani," akasema yule mwanasheria, na alisema kwa upole, "chakula si tatizo. Sahani moja, sahani kumi, ni vitu vidogo, kanuni hazivijali. Lakini unachotueleza wewe si zawadi. Unachotueleza ni urafiki."

"Ni nini?"

"Kanuni zinasema kwamba diwani mwenye maslahi kwa njia ya undugu au urafiki wa karibu ayatangaze, na asishiriki. Mtu akikupa kitu, usimpe kitu, huo ni ukarimu. Lakini ukinunua sufuria kwa ajili ya mtu..." Akafungua mikono.

Adelina alihisi masikio yanamwaka. "Na wiski? Kontrakta aliyewapa wote humu wiski, mkapiga kura apewe nyumba nyingine za kujenga?"

"Diwani Harrison," mwanasheria akauliza, maana alikuwa kijana wa haki, "ulimpa yule bwana chochote?"

"Hata kidogo," akasema Harrison, kama mtu aliyetukanwa. "Simjui kabisa."

"Basi hapo hakuna urafiki."

Msomaji, kama una subira zaidi ya Adelina, kaa na hilo. Watu waliokunywa kasha zima la wiski na hawakurudisha hata kadi walikuwa wasafi, kwa sababu hawakurudisha. Yeye aliyehesabu kila kisheti na kukilipa kwa kipande cha dodoli alikuwa mchafu, kwa sababu alilipa. Angekula sahani zile na kuzirudisha tupu kama mtu asiyelelewa, angekaa pale akanyoosha mkono wake kwa raha.

"Hata hivyo," mwanasheria akaendelea, "mimi siwezi kukuamulia. Ni wewe unayejua. Ikiwa bibi huyu ni jirani tu, mwananchi wa eneo lako kama wengine, na hayo ya sahani ni desturi tu za majirani, sema hivyo, nasi tutaendelea, utapiga kura yako. Ikiwa ni rafiki yako, itakubidi utoke."

Alikuwa amemfungulia mlango. Kila mtu mle ndani aliuona umefunguliwa. Margaret alimwangalia moja kwa moja, midomo imekazana, kama mama anayemwangalia mtoto mtihanini. Harish kule nyuma alikuwa akisema bila sauti, wazi kabisa, jirani, jirani, jirani.

Neno lenyewe halikuwa hata zito. Mardhiya alikuwa jirani, kweli, nyumba ya pili. Adelina aligeuka nyuma. Mardhiya alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama mikono yake, na Adelina hakuuona uso. Aliona utosi wa buibui, na koti lililonunuliwa mitumba, koti ambalo walikwenda kulichagua pamoja. Akajiona anasimama mbele ya Waingereza hawa, kwa Kiingereza chao, kusema kwamba mtu huyu si chochote kwake, na mwenyewe anasikia. Roho ikakataa. Na tusimpambe, kulikuwa na jingine lililokataa pamoja na roho. Alijiona kesho yake kantini, Mtakatifu Adelina aliyedanganya.

"Ni rafiki yangu," akasema. "Ni rafiki yangu sana."

Akakusanya makaratasi yake, akauchukua mkoba, akatoka. Alitembea wima mpaka nje, kama mtu aliyefanya jambo kubwa. Koridoni kulikuwa na benchi. Aliketi, akafuta miwani, akangoja. Alisikia sauti ya Harrison, kisha ya mtu mwingine, kisha kimya cha mikono kunyanyuliwa.

Wa kwanza kutoka alikuwa Harish.

"Wamefungana," alisema. "Mwenyekiti akasema ibaki viatu." Akavaa kofia na kuteremka ngazi bila kumuaga.

Mardhiya alikawia. Alipotoka alisimama mbele ya benchi, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, kwa tabu, kama alivyokuwa akivifunga siku zote. Adelina aliinuka. Tuseme kweli, alitegemea kukumbatiwa. Alitegemea walie wote wawili, kisha washikane mikono kwenda kituo cha basi.

"Kwa nini hukunikana?" Mardhiya akauliza.

"Nini?"

"Kakufungulia mlango yule kijana. Nimesikia. Ungesema jirani tu. Neno moja, Adelina!"

"Ningesemaje vile, na wewe umekaa pale unanisikia?"

"Kwa mdomo ungesema! Mimi ningejua. Wewe ungejua. Hao wengine watuhusu nini?"

"Ingekuwa uongo, Mardhiya. Mbele ya baraza zima."

"Eh. Uongo." Mardhiya aliketi kwenye benchi. Kisha akasema, bila kumtazama, "Nilipotoka Unguja, pale bandarini, askari aliniuliza, huyu mzee aliyekuja nawe ni nani wako? Nikasema simjui. Kanibebea mzigo tu, nikasema."

Mardhiya akauvuta ukosi wa koti.

"Alikuwa baba yangu. Jina lake lilikuwa kwenye orodha yao ya watu wanaotafutwa, na wangejua mimi ni mwanawe nisingepanda meli. Usiku wote alikuwa akinifundisha niseme vile. Akinirudisha nyuma, sema tena, unasema kwa huruma, watagundua. Nikamkana mbele ya macho yake. Na nilipopita lango nikageuka, nikamwona, Adelina, anacheka. Alifurahi mpaka akasahau kujizuia." Akajipangusa pua kwa kiganja. "Sikumwona tena. Lakini sijapata kufikiri hata siku moja kwamba alidhani simpendi."

Chini, walinzi walikuwa wakizima taa za ukumbi mdogo. Adelina alikaa kando yake. Alitaka kumwambia kwamba alitoka mle ndani kwa ajili yake, kwa ajili ya heshima yake, na alipolitafuta neno la kuanzia aliona kwamba si kweli, au si kweli yote. Alitoka kwa ajili ya jina lake mwenyewe. Jina lilikuwa salama. Hakuna mtu yeyote katika baraza lile ambaye angeweza kulitia doa usiku ule.

"Nisamehe," akasema.

"Nimekusamehe zamani, sina kinyongo nawe. Wewe ni mtu mwema, watu wote wamesikia." Mardhiya akainuka, akajifunga mtandio kichwani kwa ajili ya baridi ya nje. "Ila nataka uniambie kitu kimoja, rafiki yangu. Jumatatu ikifika, wanangu wale nini?"